Mteja Alikuja Kununua Kitenge, Hakuja Kusoma Maisha Yako



Leo siongelei bei wala mtaji. Leo tuongelee hiyo simu iliyo mkononi mwako. Asubuhi inapokea oda, mchana inapokea habari za familia, jioni inapokea hela. Simu moja, kazi tatu. Wengi wetu ndivyo tulivyo na hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale mteja anapoona mambo yasiyomhusu, halafu akayatumia kuamua kama akuamini au asikuamini.

Nawasimulia yaliyonikuta, maana somo hili mimi nimelilipia ada.

Nauza vitenge, khanga na madera hapa Morogoro. Mzigo nafuata Kariakoo, au nikibanwa naagiza, unapakiwa kwenye basi, naupokea stendi ya Msamvu. Siku moja akaja dada mmoja, mwenyekiti wa kamati ya kitchen party. Wanataka sare, doti 35 za kitenge kimoja, rangi moja. Tukakubaliana 25,000 kwa doti, jumla 875,000. Akanipa advansi 500,000, iliyobaki angelipa siku ya kuchukua. Nikamwambia mzigo unaingia Alhamisi.

Jumatano jioni ninayechukua kwake mzigo Kariakoo akanipigia. Zimepatikana doti 22 tu, zilizobaki zinatoka stoo Jumatatu, atazituma zote kwa pamoja. Sherehe yenyewe ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata, kwa hiyo sikuona shida. Nikajisemea, mzigo ukifika nitamwambia. Sikumpigia.

Jumamosi hiyo nikawa na harusi ya mdogo wangu. Nimeshona, nimependeza, nikarekodiwa nacheza huku namtuza bibi harusi noti za elfu kumi kumi. Nikaitupia stetasi. Zile noti wala hazikuwa zangu zote, mama mdogo alitugawia sisi wote ili tukamtuze. Lakini video haielezi hayo.

Jumapili asubuhi nakuta ujumbe: "Dada, tumeona unavyotuza. Hela ya sare zetu ipo salama?"

Nikapiga, hakupokea. Kumbe usiku ule mtu ameshaichukua video na kuirusha kwenye grupu la kamati, na kila mama ametoa maoni yake. Jumatatu saa nne wakaja watatu dukani, kwa adabu kabisa, wakaomba hela yao. Hela yao ilikuwa Kariakoo, kwenye mzigo. Nikakimbilia kukopa kwenye kikoba, nikawarudishia 500,000 yote. Mzigo ukashuka Msamvu siku ileile saa kumi jioni.

Nikabaki na doti 35 za rangi moja. Zilichukua miezi mitano kuisha, nyingine nimeuza kwa bei ya kununulia. Na riba ya kikoba nimelipa.

Hakuna aliyeniibia wala kunisingizia. Niliangushwa na video yangu mwenyewe ya sekunde 20.

KWANZA TUELEWANE: FARAGHA SIYO KUJIFICHA

Nilifanya makosa mawili. La pili ni stetasi. La kwanza, na ndilo kubwa, ni kutompigia yule dada Jumatano. Ningempigia nikamwambia "mzigo umechelewa hadi Jumatatu, sababu ni hii", ile video ingebaki kuwa video ya harusi tu. Mteja aliyeambiwa ukweli hatafuti majibu kwenye stetasi yako.

Kwa hiyo haya ninayowafundisha chini yasitumike vibaya. Kama umekula hela ya mtu halafu unamficha stetasi ili asikuone unavyokula raha, hiyo siyo faragha, huo ni utapeli. Ukidaiwa, piga simu. Mzigo ukichelewa, piga simu. Ukishapiga, sasa maisha yako binafsi ni yako, na una haki ya kuyafungia mlango.

Twende hatua kwa hatua.

1. HAMISHA FAMILIA, USIHAMISHE WATEJA

Wengi tukiamua kutenganisha, tunanunua laini mpya ya biashara. Halafu inakuwaje? Wateja wote wana namba ya zamani, iko kwenye vipeperushi, iko kwenye mifuko, iko kwenye simu za watu usiowakumbuka. Mwezi mmoja mbele umerudi kulekule.

Fanya kinyume chake. Namba ya zamani, ile inayojulikana na kila mtu, iwe ya biashara. Laini mpya iwe ya familia na marafiki. Ndugu zako hawazidi watu 50, unawatumia ujumbe jioni moja na imeisha.

Jinsi ya kufanya:

- Hifadhi nakala ya mazungumzo yako ya WhatsApp kwanza, usije ukapoteza oda.
- Pakua WhatsApp Business. Ni ya bure. Ikikuomba namba, weka ile ya zamani. Itakuuliza kama uhamishe mazungumzo, kubali.
- Kisha fungua WhatsApp ya kawaida, isajili kwa laini mpya. Zote mbili zinakaa kwenye simu moja ya laini mbili, hauhitaji kununua simu nyingine.

Kumbuka namba moja haiwezi kukaa kwenye programu zote mbili kwa wakati mmoja, ndiyo maana unahitaji laini ya pili. Na laini hiyo isajiliwe kwa jina lako, kwa alama ya kidole na namba yako ya NIDA. Ukitaka kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa jina lako, piga *106#.

Faida nyingine ni hii. Ukiwa saa sita usiku unachati na dada yako kwenye namba ya familia, mteja haoni kwamba upo mtandaoni na oda yake hujaijibu. Tena WhatsApp Business ina ujumbe wa kujijibu wenyewe. Unaweka saa zako za kazi, mtu akiandika usiku anajibiwa kwamba duka limefungwa, utamjibu asubuhi. Hakuna anayenuniwa.

2. STETASI: CHAGUA NANI ANAONA, USISUBIRI LAWAMA

Wengine mtasema laini ya pili bado. Sawa. Basi anzia hapa, na hata wenye laini mbili hapa panawahusu.

Stetasi ya WhatsApp inaonwa na mtu aliyehifadhi namba yako, na wewe umehifadhi yake. Sisi wafanyabiashara tunahifadhi kila mteja: "Mama Mkwe Kihonda", "Dada wa Dera Jekundu". Kila unayemhifadhi umemfungulia dirisha.

Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya faragha. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, tafuta palipochorwa kufuli. Fungua stetasi, utakuta njia tatu:

- Watu wote uliowahifadhi.
- Watu wote isipokuwa uliowachagua.
- Hawa tu uliowachagua.

Wengi wanachagua hiyo ya pili, wanawaondoa wateja mmoja mmoja. Tatizo lake, kesho ukihifadhi mteja mpya, yeye hayumo kwenye orodha ya walioondolewa, kwa hiyo anaona kila kitu. Ukisahau siku moja umeumia. Ya tatu ni salama zaidi. Chagua watu wako 20 au 30 wa karibu, mteja mpya hawezi kuingia bila wewe kumwingiza.

Mambo mawili ya kuzingatia. Moja, ukibadilisha mpangilio leo, stetasi uliyokwisha kuweka haibadiliki, inabaki kwa walewale. Kama imeshakuharibia, ifute. Mbili, stetasi inakaa saa 24 lakini skrinishoti haina mwisho. Hata hao 30 wa karibu, mmoja wao anaweza kuwa shemeji wa mteja wako. Morogoro ni ndogo, na mtaa wako pia ni mdogo.

3. USIMKABIDHI MTEJA SIMU YENYE MAISHA YAKO

Hii tunaifanya kila siku. Mteja anauliza, "Una rangi nyingine?" Unafungua picha, unamkabidhi simu achague. Anasogeza kidole: kitenge, kitenge, kitenge, halafu picha ya mtoto wako amelazwa, halafu skrinishoti ya mtu anakudai, halafu wewe umevaa nguo ya kulalia.

Mimi kuna mama aliwahi kufika kwenye risiti yangu ya Kariakoo. Akaona dera nimenunua shilingi ngapi. Unafikiri bei niliyomtajia ilisimama?

Dawa yake:

- Tengeneza albamu ya bidhaa tu. Hata hivyo albamu peke yake haitoshi, kidole kinaweza kutoka nje ya albamu.
- Bora zaidi tumia katalogi ya WhatsApp Business. Unaweka picha, bei na maelezo, mteja unamtumia kiungo anaangalia kwenye simu yake mwenyewe. Simu yako inabaki mkononi mwako.
- Kama lazima umpe simu, simu nyingi za Android zina uwezo wa kubandika programu. Unaiwasha kwenye mipangilio ya usalama. Ukishabandika, kioo kinabaki kwenye programu hiyohiyo, na unaweza kuiweka ili kutoka kuhitaji namba yako ya siri.

4. KIOO CHA SIMU KINAONGEA KULIKO WEWE

Simu iko juu ya kaunta. Mteja anakuomba umpunguzie, wewe unamlilia hali ngumu. Mara mlio, juu ya kioo panatokea: "Umepokea Tsh..., salio lako jipya ni..." Biashara imeishia hapo.

Au inatokea ya mume, au ya mama mwenye nyumba anadai kodi. Mteja amesoma, ameangalia pembeni, na ameshajua.

Ingia kwenye mipangilio ya arifa za simu, weka maandishi ya ujumbe yasionekane kioo kikiwa kimefungwa. Kwenye WhatsApp, upande wa arifa, kuna sehemu ya kuzuia ujumbe usichomoze juu ya kioo wakati unatumia simu. Kwa mazungumzo nyeti, bonyeza jina la mtu kwa muda mrefu utaona chaguo la kufunga mazungumzo. Yanahamia folda yake, yanafunguka kwa alama yako ya kidole, na ujumbe ukiingia jina la aliyetuma halionekani.

Lakini dawa rahisi kuliko zote haihitaji mipangilio. Lalisha simu kifudifudi. Na voisi usizifungulie dukani kwa sauti. Hujui shangazi anataka kusema nini.

5. BINTI AU KIJANA WA DUKANI

Hapa pana pande mbili.

Upande wako. Wengi tunamuunganisha msaidizi kwenye WhatsApp yetu ili ajibu wateja. Ukiunganisha simu yake na akaunti yako binafsi, hajapata wateja tu, amepata mazungumzo yako mengine pia. Ugomvi wa ukoo, ushauri wa daktari, kila kitu. Muunganishe na akaunti ya biashara peke yake. Na fungua mara kwa mara sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uone kuna nini. Kompyuta ya stationeri uliyochapishia mwezi uliopita bado imo? Itoe. Kijana aliyeacha kazi bado yumo? Mtoe leo.

Upande wake. Na yeye ana maisha. Usimlazimishe akuonyeshe simu yake, usimtumie mtu akamchungulie. Mkubaliane mapema mambo matatu yanatosha: mteja akiingia simu inawekwa chini, mambo ya duka, yaani mauzo, bei za kununulia na madeni ya wateja, hayapandi kwenye mtandao wake, na ana muda wake wa kupumzika ambao simu ni yake. Mimi na binti wangu tumekubaliana saa saba hadi saa nane, zamu kwa zamu. Mambo yametulia, kwa sababu hata mimi nafuata. Haiwezekani bosi unacheka na TikTok mteja amesimama, halafu umkaripie binti.

6. FACEBOOK, INSTAGRAM NA TIKTOK

Kwenye Facebook fungua ukurasa wa biashara, acha akaunti yako iwe ya marafiki. Kisha nenda kwenye faragha utafute sehemu ya kupunguza wanaoona posti za zamani. Mara moja tu, posti zote ulizokuwa umeachia watu wote zinabaki kwa marafiki. Kuna watu wana mambo ya tangu wanasoma yako wazi mpaka leo.

Instagram, fungua akaunti ya duka, ile yako iweke ya binafsi.

TikTok ina mtego wake. Ukiiruhusu isome namba zilizomo kwenye simu, akaunti yako inaweza kupendekezwa kwa watu wenye namba hizo. Yaani umefungua akaunti ya kujifurahisha, jina la kubuni, halafu wateja wako wanaletewa. Kwenye faragha zima kupendekeza akaunti kwa watu walio kwenye simu yako, na zima kusoma namba.

7. NA MTEJA NAYE ANA FARAGHA YAKE

Wewe unataka ya kwako ilindwe, basi ya mteja usiianike. Mtu kakopa hajalipa, unamweka stetasi na picha yake. Mtu kabishana na wewe, unaweka skrinishoti ya mazungumzo ndugu zako wacheke. Wengine wanaoangalia hawacheki, wanajiuliza, "Siku nikichelewa kulipa na mimi nitawekwa?" Tena nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Picha na namba ya mtu siyo mali yako. Hata ukitaka kumposti mteja amependeza na kitenge chako, muulize kwanza. Wengi watafurahi. Atakayekataa ana sababu zake.

"LAKINI WATU WANANUNUA KWA SABABU WANANIJUA"

Najua mtaniuliza hili. Ni kweli. Biashara zetu ndogo zinaendeshwa na uso wako na jina lako. Ukijifungia kabisa, unakuwa kama mabango ya barabarani, hakuna anayekuongelesha.

Sisemi usionekane. Nasema uchague wewe kinachoonekana. Kuvaa kitenge chako ukaenda nacho harusini ni tangazo zuri. Picha moja, umesimama, nguo inaonekana, unaandika "mzigo huu upo dukani". Hiyo iende kwenye namba ya biashara. Ile ya kutuza noti iende kwa watu wako 30. Harusi ni moja, picha ni mbili, milango ni miwili.

Mimi siku hizi kabla sijaweka kitu najiuliza swali moja tu: huyu ninayemdai, na yule anayenidai, wote wawili wakiiona hii sasa hivi, nitakuwa na raha? Jibu likiwa hapana, naipeleka kwa familia au naiacha kwenye simu. Na kama anayenidai hajapewa taarifa yake, nampigia kwanza kabla ya yote.

KAZI YA LEO

Usifanye yote kwa siku moja, utachoka uache. Leo fanya matatu:

1. Fungua mipangilio ya stetasi, weka watu wako wa karibu tu.
2. Fungua vifaa vilivyounganishwa, toa usivyovijua.
3. Kama kuna mteja mzigo wake umechelewa na hujamwambia, mpigie kabla jua halijazama.

Wiki hii tafuta laini ya pili, uhamishe familia.

Yule dada wa kamati alirudi dukani mwaka uliofuata. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto. Akachagua dera moja, akalipa taslimu, akaondoka nalo palepale. Amekuwa mteja wangu tena, namshukuru Mungu. Lakini advansi hajawahi kunipa tena mpaka leo, na mimi simlaumu.

Mtumie na jirani yako wa duka la pili, yule anayeacha simu juu ya kaunta. Kazi njema.